Maua ya Sista na Mihogo ya Wifi

Jumapili, 24 Februari 1957

Leo baada ya Misa Padri Barnaba alinisimamisha mlangoni mwa kanisa, watu wakipita na kusikia kila neno. Alisema altare ya nne ya maandamano ya Ekaristi mwaka huu itajengwa uani kwetu kama kawaida. Lakini likitokea tena jambo kama la mwaka jana, mwakani itahamia ng'ambo ya barabara, kwa jirani yetu Digna. Digna mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, akijifanya anatafuta rozari mkobani.

Jambo la mwaka jana nitaliandika mara moja, nisilirudie. Padri alipoweka Ekaristi juu ya altare yetu na watu wote wakapiga magoti, mbuzi wa wifi yangu Balbina alitokea nyuma ya nyumba, akapanda altareni kama mtu aliyealikwa, akala maua yote ya upande wa kuume pamoja na pembe ya kitambaa. Mbuzi huyo anaitwa Karani, kwa sababu hajapata kuona karatasi akaiacha. Mtaa ulicheka, na mpaka leo unacheka.

Altare hii aliianzisha mama mkwe wangu. Alipokuwa akifa alinikabidhi mimi, mke wa mwanawe, si Balbina binti yake wa kumzaa. Ikihamia kwa Digna, watasema Katarina ndiye aliyeipoteza, na watasema kweli. Nitaificha wapi sura yangu?

Sista Scolastica wa misheni amenihurumia. Amenipa mbegu za maua ya kwao Ulaya, zimekunjwa kwenye karatasi, na daftari hili. "Andika kila kitu maua yanachofanya," alisema, "mwezi wa sita utanisomea." Kwao maua hayo huitwa kinywa cha simba, kwa kuwa ukiyabana mashavu yanafungua mdomo. Yakitunzwa vizuri husimama wima kama mishumaa, yakitunzwa vibaya hulala chini. Nimemwambia wa kulala ninaye tayari, ni Kelestini mume wangu. Sista alicheka, ingawa sikuwa nataka kuchekesha.

Jumanne, 26 Februari

Kelestini amenipa sanduku la sabuni, nimelijaza udongo wa mtoni na samadi ya zamani. Mbegu zenyewe ni nyeusi na laini kama ugoro. Sista alisema zisifukiwe, zimwagwe juu tu, maana zinataka mwanga. Niliiweka karatasi juu ya kinu, nikaenda kuchota maji.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba Balbina anakaa nyumba ya pili, kwamba hajui hodi, na kwamba ananusa ugoro tangu alipokuwa msichana. Niliporudi nilimkuta ameinamia sanduku langu, anapiga chafya moja juu ya nyingine.

"Wifi," alisema, machozi yakimtoka, "umenunua wapi ugoro huu? Hauna ladha, unakwaruza tu."

Nilikaa chini. Nusu ya mbegu zangu zilikuwa zimetoka puani mwake na kutawanyika upande mmoja wa sanduku, juu juu, kama Sista alivyoagiza. Nusu iliyobaki niliimwaga mwenyewe upande wa pili, polepole, pamoja na Salamu Maria.

Ijumaa, 1 Machi

Hakuna.

Jumamosi, 2 Machi

Hakuna. Mvua. Balbina alipita kusema zikimwotea puani atanijulisha.

Jumatano, 6 Machi, Jumatano ya Majivu

Zimeota. Upande wa chafya zimejaa kama nywele za mtoto. Upande wa sala zimeota tano. Hili sitamsomea Padri.

Jumatano, 13 Machi

Habari ya jina la maua imemfikia mzee Dionisi, jirani yetu wa nyuma, ambaye ndugu yake alichukuliwa na simba akiwa shambani. Alikuja amevaa kofia, maana yake ana shauri.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia umepanda simba."

Nilimwonyesha sanduku. Alivitazama vile vimea, vidogo kuliko kunguni, akatikisa kichwa.

"Sikatazi maua, mwanangu. Lakini sisi huku tukimtaja huyo bwana, huja. Wenzetu wa Ulaya wanaye kwenye picha. Yape jina jingine."

Tumekubaliana yaitwe maua ya Sista. Balbina akasema vyema, sasa tukiyataja atakuja Sista, na Sista haumi. Jioni Sista akaja kweli. Mzee Dionisi alinitazama kwa mbali, akagusa kofia yake.

Jumatatu, 25 Machi

Mto Lumemo umefurika. Asubuhi maji yaliingia jikoni na kuku wamehamia juu ya dari. Sanduku la maua nimeliweka kitandani. Kelestini aliuliza yeye atalala wapi. Nilimwambia mume huvumilia, ua halivumilii.

Jumanne, 26 Machi

Kelestini ameondoka mapema kwenda shamba letu la mpunga, upande wa Namawala. Amesema dungu lake la kulindia mpunga linavuja, lakini halina maua. Nimemfungia samaki wakavu na chumvi. Binti yetu Rosa yuko bwenini kwa masista, kwa hiyo nimebaki peke yangu na Balbina ng'ambo ya ua.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimehamishia miche kwenye tuta refu mbele ya nyumba. Mpunga hutaka maji hadi magotini, haya yakilowa miguu yanakufa. Kuyalea hapa ni kama kulea mtoto asiyekula wali. Nimefanya kazi tangu alfajiri na mgongo hautaki kunyooka.

Digna alisimama barabarani na mwavuli. Alisema yeye mwaka huu amepanda maua yake makubwa yale ya rangi rangi, yasiyohitaji kubembelezwa. Nilimtakia mema kwa sauti ambayo itabidi niiungame.

Jumatano, 24 Aprili

Leo nimepata mtihani. Sista alikuja kuona miche, sasa imefika kimo cha kiganja, akasema lazima kila mmoja ukatwe kichwa. Ukikatwa kichwa hutoa matawi, na kila tawi hutoa ua. Usipokatwa hukimbilia juu mmoja mmoja, mwembamba, halafu huanguka. Alinionyesha kwa kukata mmoja kwa kucha zake, tik, akaenda zake kazini hospitali.

Nilikaa mbele ya tuta na mkono haukunyanyuka. Tangu kitandani nimeitunza, nimemfukuza mume wangu kwa ajili yake, kisha niikate vichwa?

"Wifi, sogea," alisema Balbina juu ya ua wa mabua. "Kazi ya kukukata kichwa wewe niliizoea tangu ulipoolewa hapa."

Akaruka ua, mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, akapiga goti moja kwenye matope. Nilitegemea atafanya fujo. Lakini kabla ya kuanza alijifanyia ishara ya msalaba, haraka haraka kama anayefukuza nzi, kisha akakata kila mche mahali pake, bila kuuharibu hata mmoja.

Ishara ile imenikaa. Balbina hajaingia kanisani miaka mingi. Aliolewa barazani, si kanisani, na mvuvi wa Kiislamu, mtu mwema sana, kambale tunaokula wengi ni wake. Lakini tangu siku ile hapokei Komunyo, na akina mama walianza kumwachia nafasi kubwa kwenye benchi, mpaka akaona heri abaki nyumbani. Maandamano yakipita, yeye hukaa nyuma ya nyumba na mbuzi wake. Mimi nilidhani hajali.

Jumatatu, 29 Aprili

Miche sasa inataka fito za kuegemea. Sista anasema mianzi mikavu ndiyo bora. Mianzi iko kijijini Mbingu, na njia ya Mbingu iko chini ya maji. Nyuma ya jiko kuna tita la fito za muhogo, za kijivu na kavu, zimelala pale tangu kiangazi. Zimenyooka, zinanitosha.

Mimi ni mtoto wa mkulima, sidanganywi na muhogo. Najua pingili ikigusa udongo wa masika huota. Kwa hiyo nimezichomeka kichwa chini, miguu juu. Hakuna kinachootea kichwani. Nimefunga kila shina kwa kamba ya mgomba, na tuta limependeza, kila kitu kimesimama kama askari siku ya gwaride.

Jumanne, 7 Mei

Madoa mekundu chini ya majani, kama kutu ya jembe. Sista anasema ondoa majani mabovu uyachome, na umwagilie miguuni, usimwagilie kichwani. Nimemuuliza nani ataiambia hivyo mvua.

Alhamisi, 9 Mei

Fito zimeota. Zote. Kila moja ina majani mawili matatu juu, kijani, yamekunjuka kama vidole vya mtu anayenicheka. Muhogo hauna adabu, umejigeuza ndani ya udongo ukaendelea na safari.

Nilijaribu kuyakata kabla mtu hajaona. Balbina alikwisha ona.

"Wifi, hizo si zile mbegu zangu za Kiberege?"

"Mbegu gani?"

"Nilizoziweka nyuma ya jiko lako zisiliwe na Karani. Muhogo mtamu ule, wa kutafuna mbichi. Nilikuwa nangoja mvua ipungue nipande." Alizunguka tuta akiwa ameshika kiuno. "Kumbe umenipandia. Asante sana. Ila umezipanda kichwa chini, kwenu ndivyo mnavyofanya?"

Nilimwambia nitazing'oa sasa hivi. Akanikamata mkono, akachimbua kidogo kwa kidole na kunionyesha. Mizizi ya muhogo imeshikana na ya maua, ukivuta huu unatoka na ule. Nilibaki nimesimama pale na kisu. Nikiziacha, kufikia Juni nitakuwa na shamba la mihogo mbele ya Ekaristi, na maua yatanyimwa jua. Nikizitoa, sina maua.

Balbina ametoa hukumu yake mwenyewe. Mbegu ni zake, basi kisamvu ni chake, na atakuja kukichuma kila asubuhi. Nilisema huu ni uwanja wangu. Alisema uwanja ni wa mama yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kina kikapu.

Ijumaa, 10 Mei

Amekuja. Amechuma. Amekanyaga ua la pembeni, akaliomba radhi lenyewe, si mimi.

Jumamosi, 11 Mei

Amekuja.

Jumapili, 12 Mei

Hata Jumapili. Nimerudi kutoka kanisani nimemkuta akila kisamvu changu, chake, chetu, na ugali, na ameniwekea bakuli. Kilikuwa kitamu, kina karanga.

Jumanne, 14 Mei

Ukurasa wa jana umeliwa na Karani. Haukuwa na jambo la maana, nilimwandika yeye tu.

Ijumaa, 17 Mei

Shemeji mvuvi ameleta kambale wawili na maneno ya Kelestini kutoka shambani. Kelestini anasema: "Ndege wanavuna kutuzidi. Njoo tuwinge, au mwaka huu tule maua."

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Mpunga ule ndio chakula chetu na karo ya Rosa. Maua nayo sasa yamefika gotini, yana matawi kila upande, na upepo wa mwisho wa masika bado haujaja. Hakuna wa kumwachia isipokuwa mmoja.

Nilimwendea jioni. Sikujua nianzeje.

"Nitakaa shambani mpaka mapema Juni," nilisema. "Nakuomba uyaangalie. Na Karani umwangalie."

"Usiponiamini, yafunge kufuli."

"Nakuamini."

"Umesema kama mtu anayemeza kwinini," alisema Balbina, na kwa kweli ndivyo nilivyosema.

Jumapili, 26 Mei, shambani

Tangu alfajiri ni kupiga makopo, kuvuta kamba na kupiga kelele. Sauti imenikauka. Ndege wanatua huku ukiwafukuza kule. Jana jioni ulikuja upepo mkubwa wenye mvua, ukaezua paa la dungu, tukajifunika mkeka. Kelestini aliwaza mpunga. Mimi niliwaza tuta langu, nikaona kila ua limelala na Karani anatembea katikati.

Nilianza kumlaumu Balbina kabla sijajua kosa lake. Nilisema tangu mwanzo anaitaka altare ile iniponyoke, mwaka jana alimfungulia mbuzi makusudi. Kelestini ni mtu wa maneno machache, aliendelea kupepeta moto.

"Mama alitaka kumpa yeye," alisema. "Aliogopa maneno ya watu. Siku aliyokupa wewe, alilia mpaka asubuhi. Balbina ndiye aliyemfuta machozi."

Sikuwa najua. Miaka yote hii nimedhani nilichaguliwa kwa kuwa ninafaa.

Jumatatu, 3 Juni

Nimerudi Ifakara. Nilipofika barabarani nilianza na upande wa Digna, maana huko ndiko macho yalikotangulia. Maua yake makubwa yalikuwa yamelala kifudifudi yote, fito zake kavu zimeng'oka na kutupwa mpaka mtaroni. Kama yasiyobembelezwa yamelala, yangu je?

Yamesimama. Nasema yamesimama wima, kila moja limeegemea fito yake, na fito haikutikisika hata moja kwa sababu ina mizizi ya muhogo chini, imeshika udongo kuliko nguzo za nyumba hii. Na majani ya muhogo hayakuyanyima jua, maana Balbina ameyachuma kila asubuhi bila kukosa, mpaka fito zimebaki uchi kama vijiti vya Kwaresima. Ncha za maua zimeanza kuvimba.

Mwenyewe nilimkuta amekaa kwenye kigoda katikati ya tuta na Karani. Shemeji alisema siku ya upepo alisimama pale kwenye mvua akishikilia fito za mwisho wa tuta, akiyatukana maua kwa Kipogoro yasithubutu kulala.

"Uso wako umeungua," aliniambia. "Ndege wamekuacha hai?"

Nilitaka kumshukuru vizuri, kwa maneno ya maana. Nilisema kisamvu kimemnenepesha.

Jumapili, 9 Juni, Pentekoste

Ua la kwanza limefunguka, jekundu. Baada ya Misa watoto wa mtaa mzima walipanga foleni kulibana mashavu. Mzee Dionisi naye alipanga. Lilipofungua mdomo alirudisha kidole chake haraka, akakihesabu. Kisha akaomba tena.

Alhamisi, 13 Juni

Mekundu, ya manjano, meupe. Asubuhi kuna baridi ya kipupwe na yanaipenda. Sista alikuja, akayazunguka, akaushika muhogo, akaniuliza huu ni utaratibu gani. Nilimwambia ni wa hapa kwetu.

Jumanne, 18 Juni

Leo karibu tuangamie. Karani alikata kamba yake mpya, ya tatu mwezi huu, akapita chini ya ua akaja moja kwa moja kwenye tuta. Nilikuwa na ndoo kichwani, sikuweza kukimbia. Balbina alitokea jikoni kwake na mwiko mkononi, akajitupa, wakaanguka pamoja, na alipoinuka alikuwa amemshika pembe na mbuzi ana ua moja tu mdomoni, jeupe, analitafuna taratibu kama Mzungu anayeonja chai.

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilisema mbuzi huyu afe. Balbina alisema atakufa, ametengwa kwa Idi ya kuchinja, mumewe ameshamnuia, lakini Idi ni mwezi ujao na Ekaristi ni keshokutwa. Tukamfungie mbali? Tumejaribu, hukata kamba na kurudi mbio. Tumfungie jikoni? Hulia kama anachinjwa, na Padri hatasikika. Njia ni ile ile, mtu akae naye nyuma ya nyumba amkumbatie shingo.

"Ndivyo ulivyomshika mwaka jana?" nilisema. Lilinitoka kabla sijalipima.

Balbina aliketi kwenye ukingo wa tuta, Karani kati ya magoti.

"Mwaka jana nilimshika vizuri," alisema. "Kuna upenyo kwenye ua pale, naona altare yote. Kila mwaka naangalia hapo. Kengele ilipolia Padri ameinua Ekaristi, mkono wangu ukaondoka wenyewe. Nilitaka kufanya ishara ya msalaba tu, wifi. Mkono mmoja hautoshi mbuzi huyu."

Mwaka mzima nimelala na hasira juu ya ishara ya msalaba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka."

Ningemcheka kweli. Nilimwambia leo sicheki, na nikamsaidia kupangusa matope kwenye gauni. Tulikuwa tumekaa karibu zaidi kuliko tulivyozoea, kwa hiyo baada ya muda akasema nanuka ndege, akaenda zake.

Jumatano, 19 Juni

Tumejenga altare. Meza ya mama mkwe, kitambaa cheupe kilichoshonwa pembe iliyoliwa, upinde wa makuti. Tumekata maua jioni kwa kisu kikali na kuyatia kwenye makopo ya maji, yanywe. Yanasimama yenyewe, hayahitaji tena kushikwa. Nimepiga pasi gauni langu la bluu na kanga mpya. Mahali pangu ni kuume kwa altare, kila mtu ataniona, na Digna atakuwa mstari wa pili pamoja na kundi la akina mama.

Alhamisi, 20 Juni, Sikukuu ya Ekaristi

Nitaandika polepole.

Kengele zilisikika altare ya tatu, kisha wimbo ukaanza kusogea kwetu. Nilikuwa nimesimama mahali pangu. Maua yalikuwa yamewaka, sina neno jingine. Nikamwona Balbina anapita kando ya nyumba na kamba mkononi, Karani nyuma yake, anaelekea kwenye upenyo wake. Alikuwa amevaa gauni safi. Nikajiuliza mtu huvaa gauni safi kwa ajili ya nani nyuma ya nyumba.

Nisijisifu. Miguu yangu haikutaka. Mwaka mzima nimeingoja saa hii, nimeisemea moyoni nikiwinga ndege, nimemwona Digna akikunja midomo. Lakini nilitoka mahali pangu nikamfuata.

"Nipe kamba."

"Ya nini?"

"Nipe kamba, Balbina. Nenda mbele."

"Mbele kuna watu. Watasema."

"Watakuwa wamepiga magoti, vichwa chini. Watasema wakiinuka, na wakiinuka nitakuwepo."

Alinitazama kama anatafuta mzaha ulikofichwa. Wimbo ulikuwa umefika barabarani. Akaweka kamba mkononi mwangu, kisha akanipa na kopo lake la ugoro nimshikie, akaenda. Alitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake.

Basi nimeisikia Ekaristi ya mwaka huu nikiwa nimekumbatia mbuzi. Upenyo sikuufikia, Karani alikataa kusogea. Sikuona ua hata moja. Nilisikia nyayo, nilisikia chetezo kinagonga mnyororo wake, nilisikia Kilatini. Niliumia, nisiseme uongo. Maua yangu yalikuwa upande wa pili wa ukuta na mimi napumuliwa usoni na dume la mbuzi.

Kisha wimbo ulipanda, na katikati ya sauti zote nikasikia moja inayotangulia nyingine, nene, imepinda kidogo, imejaa ugoro wa miaka mingi. Balbina alikuwa anaimba. Maneno yote alikuwa nayo, hakusahau hata moja. Karani aliacha kutafuna, akasimamisha masikio.

Kengele ikalia. Mkono wangu wa kuume ukaanza kuondoka wenyewe, ndipo nikajua alivyosema kweli, mkono mmoja hautoshi. Sikufanya ishara ya msalaba. Niliegemeza paji la uso kwenye shingo ya mbuzi, nikabaki hivyo mpaka kengele ikanyamaza. Naamini Mungu ameelewa, ameshaona mengi Ifakara.

Wimbo ulipoanza kuondoka nilimsikia Padri Barnaba amesimama kidogo upande wa pili. "Mwakani hapa hapa," alisema. Sauti ya Digna ikauliza Mama Rosa yuko wapi, mbona haonekani kwenye altare yake. Halafu Balbina akasema, kwa utulivu kabisa, "Ana kazi."

Alirudi nyuma ya nyumba, magoti ya gauni yamejaa vumbi na hakuyapangusa.

"Yalikuwaje?" nilimuuliza. Mimi, juu ya maua niliyoyalaza kitandani mwangu.

"Watu wote tulipiga magoti," alisema Balbina. "Maua tu ndiyo yaliyosimama."

Akaketi chini karibu nami, akaanza kulia bila kujificha. Nikaanza na mimi. Baada ya muda aliomba kopo lake.

"Mwakani nani atamshika mbuzi?" aliuliza.

"Huyu mwakani atakuwa ameliwa."

"Nitakuwa na mwingine. Sikai bila mbuzi."

"Basi tutapokezana."

Alinusa, akapiga chafya kubwa, akafurahi. Wakati huo Karani alikuwa ameupata upindo wa kanga yangu mpya na anaupandisha mdomoni taratibu. Niliona, nikamwacha ale.